Amplifaya inavuma jioni, usiku wa manane inanyamaza

SWALI

Shikamoo mzee wa safu hii.

Mimi ni kijana wa Ipagala, hapa Dodoma. Kazi yangu ni kusafisha na kuchanganya sauti: kwaya za kanisani, matangazo ya redio, na siku hizi zaidi ngoma za nyumbani, maana kuna vikundi vya kina mama wapiga muheme kutoka Chamwino na Bahi wanaotaka rekodi zao zisikike vizuri. Sina studio yenye spika. Kila kitu nafanya kwa hedifoni, Beyerdynamic DT 770 Pro zile za omu 80, nilizouziwa na mtu aliyekuwa anahama.

Kwenye tundu la kompyuta hedifoni hizo zilikuwa hafifu, ndipo nikanunua amplifaya ndogo ya mezani, ile ya kuunganisha mwenyewe, bodi na kasha lake la bati. Ndani ina transfoma ya volti 15, dayodi nne, kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme ya maikrofaradi 2,200, regyuleta ya 7812 (ya kunyoosha umeme uwe volti 12), halafu aisii, yaani chipu ya kukuza sauti, ya NE5532 ikisaidiwa na transista za BD139 na BD140. Haina umeme wa hasi. Inajigawia nusu ya volti kwa rezista mbili za kilo-omu 10 na kapasita ndogo ya maikrofaradi 10, na mguu wa chanya wa aisii umefungwa hapo hapo. Kwa ujumla inakula miliampea 100 hivi. Miezi ya mwanzo haikuwa na neno.

Baadaye nikatazama video ya jamaa anayesema volti zikipanda, muziki unapata nafasi ya kupumua. Nikang'oa 7812, nikaweka 7815 ya volti 15. Sauti ikapanda kidogo, au nilijiaminisha kwamba imepanda. Tangu hapo sina amani.

Kuna mvumo unaokuja jioni, kama kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, majirani wote wakiwa wamewasha vitu vyao na taa zangu zikiwa zimefifia. Ni mvumo wenye makali, "zzzz". Nikizungusha volyumu hadi mwisho au nikiifunga kabisa, wenyewe uko vile vile. Ikifika saa nane usiku hakuna kitu, kimya. Jioni moja nilipima umeme ukutani, mita ikaonyesha volti 196. Mchana huwa 228.

Halafu kuna mwingine, mzito, "uuuu", ambao upo muda wote mradi waya wa kompyuta umechomekwa kwenye amplifaya. Huu ukiongeza volyumu nao unaongezeka. Kompyuta ni ile ya mezani yenye kasha la chuma, na nikiigusa nyuma kwa mkono mtupu nasikia kama inaniuma vidole. Amplifaya nimeichomeka ukutani, kompyuta iko kwenye ekstensheni inayotoka chumba cha pili.

Kinachonisumbua zaidi ni kazi. Kwa sababu nasikia mvumo, nimekuwa nikipunguza sauti za chini, pale kwenye hezi 100, na mama mmoja kiongozi wa kikundi ameniambia ngoma zao zimekonda.

Nina mipango mitatu. Kwanza, nimeagiza aisii ya OPA2134 niondoe hii NE5532. Pili, nataka kuweka kapasita ya maikrofaradi 10,000 badala ya 2,200. Tatu, rafiki yangu ananishauri nikate ule mguu mkubwa wa plagi ya amplifaya, anasema yeye alifanya hivyo na mvumo ukaisha. Nianze na upi?

Kijana wa Ipagala

JIBU

Marahaba, kijana wangu.

Usianze na wowote. Mpango wa kwanza hauna madhara wala faida, wa pili utakula fedha yako, na wa tatu unaweza kukuua. Lakini barua yako imenifurahisha, kwa sababu umeniambia saa mvumo unapokuja na umeniambia volyumu inafanya nini. Wengi huandika "inavuma" wakaishia hapo, kisha wanataka niwatajie kapasita ya kununua.

Una mivumo miwili, na kila mmoja una mzazi wake. Kitasa cha volyumu kimeshakutenganishia. Mvumo unaopanda na kushuka pamoja na volyumu umeingia kabla ya volyumu: kwenye waya wa kuingizia, kwenye kompyuta, au katikati ya hivyo viwili. Usiojali volyumu umeingia baada yake, yaani ndani ya amplifaya yenyewe, na mara nyingi ni kwenye umeme wake. Hata mlio unasema. Umeme wetu ni hezi 50. Dayodi nne zinakunja wimbi la chini lielekee juu, kwa hiyo kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde, na kinachobaki bila kusafishwa huwa cha hezi 100 chenye makali, hiyo "zzzz" yako. Ile "uuuu" nzito ni hezi 50 zenyewe, bado hazijapita kwenye dayodi yoyote.

Tuanze na wa jioni, kwa kuwa huo umeutengeneza mwenyewe.

Regyuleta za ukoo wa 78 hufanya kazi kama randa ya seremala: zinapunguza tu. Ubao ukija mwembamba kuliko unaoutaka, randa haina la kufanya. Ili 7815 itoe volti 15 zilizonyooka, inahitaji kupokea kama volti 17 wakati wote, hata pale wimbi linapokuwa chini kabisa. Sasa chukua kalamu. Transfoma ya volti 15 ina kilele cha volti 21.2, yaani 15 mara 1.414. Katika daraja la dayodi umeme hupita dayodi mbili kwa wakati mmoja, toa volti 1.4, inabaki 19.8. Mzigo wa miliampea 100 juu ya kapasita ya 2,200 unaacha wimbi la kama volti 0.45 kati ya mjazo mmoja na mwingine. Kwa hiyo sakafu ni volti 19.3 hivi. Mchana, ukutani kukiwa na 228 au 230, una ziada ya volti mbili na kitu. Hakuna shida.

Jioni mita yako ilisoma 196. Transfoma hupungua kwa uwiano ule ule: kilele kinakuwa 18.1, toa 1.4 unapata 16.7, toa wimbi unapata 16.2. Regyuleta inataka 17. Imeshindwa, na ikishindwa haizimiki, inakuwa kama waya wenye upungufu wa volti mbili: chochote kinachoingia kinatoka, pamoja na wimbi lote la nusu volti. Hapo awali, ikiwa na nafasi ya kutosha, ilikuwa inalipunguza wimbi hilo mara elfu moja au zaidi, nawe hukuwahi kujua kwamba lipo. Kwa hesabu hii 7815 yako inaanza kulegea ukutani kukishuka chini ya kama volti 205. Ukirudisha 7812, inayotaka 14 tu, itavumilia hadi kwenye 172. (Transfoma isiyobebeshwa mzigo wake wote hutoa kidogo zaidi ya ilivyoandikwa, kwa hiyo kwako namba zinaweza kusogea volti kadhaa. Usilitegemee hilo.)

Unaweza kulithibitisha bila kubadilisha kitu. Jioni, mvumo ukiwepo, weka mita kwenye volti za DC, pima mguu wa kwanza wa regyuleta na mguu wa katikati, kisha mguu wa tatu na wa katikati. Ukiona wa tatu unatoa 14.4 au 14.5 badala ya 15, kesi imekwisha. Fanya hivyo kwa mkono mmoja, mwingine uwe mbali na kasha, na usikaribie kabisa upande wa transfoma unaopokea umeme wa ukutani.

Kuna swali ambalo msomaji mkali angeliuliza hapa: aisii si inajulikana kwa kukataa uchafu wa umeme? Ndiyo, NE5532 hukataa vizuri sana uchafu unaokuja kupitia miguu yake ya umeme. Ila amplifaya yako imempa uchafu mlango mwingine. Ile nusu ya volti inayotengenezwa na rezista mbili za kilo-omu 10 hutoka kwenye umeme huo huo, na mguu wa chanya wa aisii umefungwa hapo. Kwa aisii, chochote kinachotikisika mahali hapo ni muziki, na itaukuza. Kapasita ya maikrofaradi 10 iliyopo inapunguza mtikisiko wa hezi 100 mara 30 hivi. Nusu ya wimbi la volti 0.45, gawanya kwa 30, unabaki na milivolti 7. Zinaonekana chache, lakini hedifoni zako zinatoa desibeli 96 kwa miliwati moja tu. Milivolti saba zikikuzwa hata mara mbili tatu, katika chumba tulivu utazisikia bila kutega sikio.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha 7812. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo marekebisho ya kweli katika barua hii yote, ni kuing'oa ile kapasita ya 10 kwenye nusu ya volti na kuweka ya maikrofaradi 100, ya volti 25. Uchafu wa hapo unapungua mara kumi zaidi. Ukitaka weka 220. Malipo yake ni kwamba amplifaya itachukua sekunde kadhaa kutulia baada ya kuwashwa, basi washa kwanza, hesabu hadi kumi, ndipo uchomeke hedifoni. Angalia upande wa hasi usiugeuze.

Ukifungua, chunguza na kapasita kubwa imeandikwa volti ngapi. Kama ni 25, usiku wa manane umeme ukipanda inakuwa karibu mno na ukingo. Ya 35 ndiyo ya kulala nayo. Na kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi, kisha utoe umeme wa kapasita hiyo kwa rezista ya kama omu 470, si kwa bisibisi. 7812 itapata joto zaidi kidogo kuliko 7815 kwa sababu inakata volti nyingi zaidi, kama robo tatu ya wati. Bati dogo la kupozea linatosha.

Hizo volti tatu unazozirudisha hutazililia. Kutoka 12 kwenda 15 ni tofauti ya desibeli 2, tena kwenye kilele tu, pale ambapo masikio yako hayapaswi kufika. Kwa volti 12 amplifaya hii inaweza kuzipa DT 770 zako kama miliwati 100, ambazo ni kama desibeli 116. Ukisikiliza hapo kwa nusu saa hutahitaji tena hedifoni nzuri. Jamaa wa video huenda ana umeme usioshuka, au ana transfoma ya volti 18. Yako ni 15, na bodi iliwekewa 12 kwa hesabu.

Kapasita ya 10,000 je? Ingepunguza wimbi kutoka volti 0.45 hadi 0.1. Sakafu yako ingepanda volti 0.35, sawa na kupanda kwa volti 4 tu ukutani. Yaani badala ya 7815 kuvuma chini ya 205, ingevuma chini ya 201, na wewe jioni una 196. Juu ya hapo, kapasita kubwa hujazwa kwa mishindo mifupi na mikali zaidi, na mishindo hiyo hupita kwenye waya wa graundi (njia ya umeme kurudi) kati ya dayodi na kapasita. Mafundi wengi wakiongeza kapasita huifunga kwa waya mrefu, halafu graundi ya muziki wanaichukua popote wanapoona risasi ya kulehemu inashika. Wakiichukua upande wa dayodi badala ya kwenye mguu wa hasi wa kapasita, wanaongeza mvumo kwa fedha yao wenyewe. Bodi yako ilikuwa kimya miezi ya mwanzo, kwa hiyo graundi yake ipo sawa. Iache.

Sasa huo mzito.

Kompyuta inayokuuma vidole inakuambia kwamba kasha lake halina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ndani ya pawasaplai yake kuna vikapasita viwili vya kuchuja kelele, kimoja kutoka waya wa moto kwenda kwenye kasha na kingine kutoka nyutro kwenda hapo hapo. Ethi ikiwepo, umeme mdogo unaopita kwenye vikapasita hivyo huenda ardhini na hakuna anayejua. Ethi isipokuwepo, kasha zima hukaa kwenye kama nusu ya umeme wa ukutani, volti mia na kitu. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unaumwa tu na hurushwi. Lakini unatafuta njia. Amplifaya yako iko ukutani, ina mguu wa tatu, ina ethi. Kati ya kasha lenye volti na kasha lenye ethi umeweka daraja: ganda la waya wa muziki. Mkondo unapita hapo siku nzima, unaacha volti kidogo za hezi 50 juu ya ganda hilo, na amplifaya inazipokea pamoja na wimbo. Ndiyo maana ukichomoa waya wa kompyuta mvumo unakufa.

Mtuhumiwa wangu ni ekstensheni. Ziko nyingi madukani zenye matundu matatu usoni na nyaya mbili tu tumboni. Ichomoe ukutani kabisa, weka mita kwenye mlio, mdomo mmoja kwenye mguu mrefu wa plagi, wa pili ndani ya tundu refu la soketi. Isipolia, ifungue ujionee, kisha usiitumie tena kwa kitu chenye kasha la chuma. Nunua waya wa nyuzi tatu wa milimita 1.5 na soketi za kueleweka, uunganishe mwenyewe au umpe fundi.

Ekstensheni ikilia, basi tatizo liko kwenye soketi ya chumba cha pili. Hapo mpigie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, apime kwa kifaa chake, na baba mwenye nyumba ashirikishwe, kwa sababu ni nyumba yake na ni uhai wa wote waliomo. Akija, mwombe aitazame na fimbo ya ethi nje. Huku kwetu mvua zikishaondoka tunakaa karibu nusu mwaka na udongo mkavu, na fimbo fupi iliyochomekwa kwenye udongo mkavu haishiki ardhi ipasavyo. Kumwagia ndoo ya maji ni dawa ya wiki moja. Dawa hasa ni fimbo ndefu inayofika kwenye unyevu, au kuongeza ya pili. Nisikudanganye: fimbo mbovu peke yake si lazima ilete mvumo, maana vifaa vyote vikiwa kwenye ethi moja mbovu vitapanda na kushuka pamoja. Italeta mambo mabaya kuliko mvumo.

Ethi ikishapatikana, chomeka kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja, hiyo mpya, kutoka soketi moja. Mara nyingi inatosha. Kikibaki kijimvumo cha mbali, yaani vifaa viwili vyenye ethi nzuri vimefunga kitanzi kupitia ganda la waya, zipo njia mbili za halali. Unaweza kuweka vile vitransfoma vya kutenga sauti, vya uwiano wa moja kwa moja, kwenye waya wa kuingizia. Lakini vya bei rahisi hukata besi, na wewe unachanganya muheme, sivipendi kwako. Au ndani ya amplifaya graundi ya muziki isifungwe moja kwa moja kwenye kasha, bali ipitie rezista ya omu 10 yenye dayodi mbili za nguvu sambamba nayo, moja ikielekea huku na nyingine kule. Kasha lenyewe linabaki limefungwa kwenye ethi kwa waya mnene, bila rezista yoyote. Matundu ya kuingizia nayo yasiguse bati, la sivyo umefanya kazi bure.

Angalia tofauti ya hilo na ushauri wa rafiki yako. Ni kweli, ukikata mguu wa ethi kitanzi kinakatika na mvumo unaweza kuisha. Lakini sasa una kasha la bati lenye umeme wa volti 230 ndani, transfoma ya kuunganisha mwenyewe, na waya unaotoka humo kwenda kwenye kichwa chako. Siku waya wa moto ukichomoka kwenye risasi ukagusa bati, hakuna fyuzi itakayokatika. Utakachokuwa umegusa ni kompyuta isiyo na ethi upande mmoja na kasha lenye moto upande wa pili. Rafiki yako mrudishie plagi nzima mwambie na yeye abadilishe.

Kabla hujafunga kasha, jaribu hili moja. Chukua plagi ya kuingizia isiyo na waya, unganisha ncha ya katikati na ganda lake, uchomeke nyuma ya amplifaya, upandishe volyumu yote. Pasipo kompyuta na pasipo muziki panatakiwa pawe na kimya, au mchakacho laini wa mbali. Kama volyumu ikiwa katikati kuna mvumo zaidi kuliko mwanzo na mwisho, bati la volyumu halijafungwa kwenye graundi. Zima pia feni yenye rejeta ya kuzungusha, na simu isikae juu ya amplifaya. Hizo huleta makelele yao yasiyohusiana na haya.

Tuje kwenye ngoma za kina mama.

Hezi 100 ni pale pale kifua cha ngoma kinapokaa, na ni karibu kabisa na noti ya G ya chini ya mtu wa besi kwenye kwaya zako. Ulichokuwa unakipunguza hakikuwa kwenye rekodi, kilikuwa kwenye amplifaya. Fungua faili halisi katika programu ya Audacity, chagua kipande cha kimya kabla ngoma ya kwanza haijapigwa, uchore spektra yake, yaani mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila hezi. Kama kuna mwiba kwenye 50, 100 na 150, basi mvumo umo kwenye rekodi, na utautoa kwa mkato mwembamba kwenye namba hizo tu. Kama hakuna mwiba, rudisha kila ulichokata. Zile kazi ulizokwisha kabidhi tangu ulipoweka 7815, hasa ulizozichanganya jioni, zifungue upya hata kama walishakulipa. Yule mama alisikia sawasawa.

Na OPA2134 ikifika, iweke. Miguu yake inafanana na ya NE5532 na volti 12 zinaitosha. Kama NE5532 imelehemewa kwenye bodi, itoe kwa uangalifu na ulehemu soketi ya miguu minane badala yake, ili uweze kubadilisha ukilinganisha. Bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo ikipata moto wakati hakuna muziki, itoe haraka. Mvumo usitegemee ibadilishe, ila kama masikio yako yatapenda moja kuliko nyingine, baki na hiyo.